Tumbo, Maziwa Lala na Duka la Dawa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya kina mama, wazee na vijana wa mtaa, Majengo, Mombasa, baada ya swala ya alasiri. Baadhi ya maswali yaliyoulizwa mwishoni yamewekwa humu pia.)

Wazee wangu, mama zangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliokimbilia viti vya dirishani kufuata upepo: Assalamu alaykum, na wengine wote hamjambo. Mwenyekiti ameniambia nina muda wa baina ya alasiri na magharibi, na mkianza kutazama saa nikae chini. Nimekubali sharti hilo.

Kilichonileta ni ujumbe wa simu. Nadhani nyote mmeupata, maana mimi nimetumiwa na watu wa ukoo, na wa chama, hata na fundi wangu wa cherehani. Unasema glasi moja ya maziwa lala kabla ya kulala husafisha utumbo, hutoa sumu, huondoa kitambi, huponya vidonda vya tumbo, hushusha sukari na huzuia saratani. Chini yake unaambiwa uwatumie watu kumi. Siku chache baadaye nikaingia duka la dawa hapa mjini kutafuta dawa ya kikohozi, na kwenye kabati la kioo, pale panapowekwa vitu vya bei, nikaona vidonge vya "bakteria wazuri wa tumbo". Kikopo kidogo, na bei yake ingenunulia nyumba maziwa ya siku nyingi. Binti wa kaunta akaniambia vinatoka kweli kweli.

Kazi yangu ni lishe, si udaktari. Na nina neno moja tu leo, mengine yote ni maelezo yake: maziwa yaliyoganda ni chakula chema kwa tumbo, na wanaoyaharibia jina ni wale wanaotaka yawe dawa.

Tuanze jikoni. Umechemsha maziwa yakapanda hadi ukingo wa sufuria, ukayashusha. Unayaacha yapoe mpaka kidole kikae ndani bila kuungua. Unachukua mtindi wa jana, kijiko kimoja au viwili vya kulia kwa kila lita, unauvuruga kwanza na maziwa kidogo kikombeni usiwe na mabonge, ndipo unaumimina. Unafunika kwa kawa, unaweka mahali pasipopita upepo, na hufunui kuchungulia. Hapo kwenye kutochungulia ndipo wengi wetu tunaposhindwa.

Usiku huo bakteria waliokuwa katika kile kijiko wanakula sukari ya maziwa, ambayo jina lake ni laktosi, na wanatoa asidi. Kadiri asidi inavyozidi ndivyo protini kubwa ya maziwa, kaseini, inavyopoteza ile nguvu iliyokuwa ikizifanya chembe zake zisukumane. Pehachi ya maziwa, kile kipimo cha uchachu kinachoshuka asidi ikizidi, ikishuka kutoka karibu 6.7 hadi 4.6, chembe hizo zinashikana. Asubuhi ukitia kijiko, kinatoka kipande kizima chenye ukingo, na ndani ya lile shimo kunaanza kujikusanya maji ya manjano yenye kijani kidogo. Nawaona wanaoyamwaga! Rangi ile ni ya vitamini B2. Yarudishe, koroga, kunywa.

Hali ya hewa yetu inaingia katika jambo hili. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, sufuria iliyowekwa baada ya isha inaweza kuganda kabla ya alfajiri, na ukiisahau mpaka saa nne asubuhi utakunja uso. Kusi likivuma, mwezi wa saba hivi, inakwenda taratibu. Viwandani hawaachi mambo kwa msimu. Mala, yaani maziwa lala ya kiwandani, hugandishwa kwa joto la nyuzi ishirini na kitu, usiku kucha na zaidi, kwa bakteria wanaoitwa Lactococcus. Yogati hugandishwa kwa nyuzi 42 au 43, kwa muda wa saa nne hadi sita, kwa bakteria wawili wanaofanya kazi pamoja, Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus. Mnisamehe kwa Kilatini. Nimeyataja kwa sababu wengi tunadhani mala na yogati ni kitu kimoja chenye bei mbili, na kwa tumbo si kitu kimoja.

Sasa, kuna mtu katika kila nyumba anayesema "mimi na maziwa hatupatani". Akinywa glasi ya maziwa freshi, baada ya saa moja au mbili tumbo linanguruma, linajaa gesi, kisha anatafuta choo kilipo. Mtu huyu wakwe humwona anaringa. Haringi. Ile laktosi ni sukari mbili zilizoungana, na utumbo mwembamba hauwezi kuipitisha mpaka ivunjwe na kimeng'enya kinachoitwa laktesi. Mtoto mchanga anakitengeneza kwa wingi. Baada ya kuachishwa ziwa, kwa watu wengi duniani, kinapungua. Makadirio ni kwamba thuluthi mbili hivi za watu wazima wote ulimwenguni wako hivyo. Laktosi isiyovunjwa inateremka mpaka utumbo mpana, inavuta maji, na bakteria wa huko wanaichachusha na kutoa gesi. Ndiyo ile ngurumo.

Wako waliobaki na kimeng'enya hicho utu uzima wao wote, hasa watu wa jamii za wafugaji. Mwaka 2007 kundi la watafiti lililoongozwa na Sarah Tishkoff lilitoa matokeo ya kuchunguza watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakakuta badiliko la jeni linalosababisha hali hiyo, na si lile walilonalo Wazungu. Maana yake uwezo huu ulizuka huku kwetu wenyewe, haukushuka na meli bandarini.

Lakini hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Mwaka 2021 watafiti wengine walitoa taarifa ya kuchunguza ukoga uliogeuka jiwe kwenye meno ya watu wa kale waliozikwa Sudan na Kenya, wakakuta protini za maziwa ndani yake. Wa zamani zaidi, wa Sudan, waliishi kiasi cha miaka 6,000 iliyopita. Na dalili zote ni kwamba watu walianza kutumia maziwa kabla jeni hiyo haijaenea. Waliwezaje? Hawakutuachia maandishi. Ila mtu mwenye ng'ombe na kibuyu, katika nchi ya joto, hahitaji kufundishwa kuyagandisha maziwa. Yataganda yenyewe, na atagundua mara moja kwamba yale ya leo asubuhi hayamsumbui kama yale ya jana jioni.

Yanasaidiaje? Sehemu ya laktosi imekwisha liwa na bakteria. Yale yaliyoganda yanakaa tumboni muda zaidi kuliko maziwa mepesi, kwa hiyo laktosi inashuka kidogo kidogo. Na kwa yogati kuna la tatu: wale bakteria wake wawili wana kimeng'enya chao wenyewe cha kuvunja laktosi, na nyongo inapowapasua kule ndani, kimeng'enya kinamwagika na kuendelea na kazi mahali pale pale kinapohitajika. Hili ndilo dai lililosimama imara kuliko yote. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, ambayo ni wagumu hawa, wanakataa madai ya bakteria wazuri moja baada ya jingine, mwaka 2010 ililikubali: yogati yenye bakteria hai, wasiopungua milioni 100 kwa kila gramu, humsaidia mwenye tatizo la laktosi kuisaga. Mala haikupewa cheti hicho. Utafiti wa Marekani wa miaka ya 1980 ulilinganisha yogati na maziwa yaliyogandishwa kwa bakteria wa jamii ile nyingine, na yogati ikashinda.

Kwa hiyo wewe usiyepatana na maziwa, anza na yogati isiyo na sukari, nusu kikombe, pamoja na chakula. Wengi wenye shida hii wanaweza hata kunywa kikombe kimoja cha maziwa freshi, chenye gramu 12 hivi za laktosi, wakikinywa na chakula na si kwa tumbo tupu. Ila tusichanganye na mzio. Kuna mtoto ambaye mwili wake unazikataa protini za maziwa: anavimba midomo, anatoka vipele, anatapika, anabanwa pumzi. Huyo mtindi haumsaidii hata kidogo, protini ni zile zile. Huyo ni wa hospitali.

Nije sasa kwa bwana aliyeyatoa maziwa jikoni akayapeleka duka la dawa. Jina lake Ilya Mechnikov, mzaliwa wa 1845 katika nchi ambayo leo ni Ukraine, aliyefanya kazi Institut Pasteur mjini Paris. Hakuwa mganga wa kienyeji. Mwaka 1908 alipata tuzo ya Nobel, yeye na Paul Ehrlich, kwa kazi yao juu ya kinga ya mwili. Uzeeni akawa na wazo kwamba kuzeeka kunaletwa na sumu za bakteria waozeshao wanaoishi katika utumbo mpana. Alikuwa amesikia kwamba wakulima wa Bulgaria wanaishi miaka mingi na wanakula maziwa yaliyoganda kila siku. Na mwaka 1905 kijana wa Kibulgaria aliyekuwa Geneva, Stamen Grigorov, alikuwa amemwona kwa hadubini bakteria wa yogati ya kwao. Mechnikov akaunganisha: asidi ya bakteria hawa itawafukuza waozeshao, na sisi tutaishi. Akawa anayanywa kila siku. Mwana-sayansi mkubwa akisema neno kama hilo, magazeti hayangoji. Paris nzima ikataka maziwa ya Kibulgaria.

Alifariki 1916, ana miaka 71. Miaka mitatu baadaye, 1919, Isaac Carasso akaanzisha Barcelona biashara ya yogati aliyoiita Danone, kwa jina la mwanawe Daniel, na mwanzoni yogati hiyo iliuzwa katika maduka ya dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Mmarekani Leo Rettger na mwenzake wakaonyesha kwamba yule bakteria wa Bulgaria hafanyi makazi katika utumbo wa binadamu. Anapita. Habari hiyo haikupigiwa tarumbeta, wala mpaka leo haijafika katika kikundi chenu cha WhatsApp. Kwa hiyo ule ujumbe wa kusafisha utumbo na kutoa sumu una zaidi ya miaka mia moja, umebadilisha nguo tu.

Basi kama hawakai, wana faida gani? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji ni bakteria wako mwenyewe, wanaokadiriwa kuwa trilioni 38 kwa mtu mzima, karibu wote katika utumbo mpana, na ukiwaweka kwenye mizani wote pamoja hawafiki hata nusu kilo. Wanaopita na mtindi ni wachache mno ukiwalinganisha nao. Lakini kupita kwao kunaonekana kuwagusa wenyeji.

Mwaka 2021, Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa utafiti wa watu 36 wenye afya. Nusu waliongezewa vyakula vyenye nyuzinyuzi, nusu vyakula vilivyochachushwa, yogati, kefiri, mboga zilizochachushwa na vinginevyo, kwa wiki 10. Wale wa vyakula vilivyochachushwa, aina za bakteria katika utumbo wao ziliongezeka, na protini 19 za damu zinazopima inflamesheni, ile hali ya mwili kuwaka kwa ndani kama unaopigana na kidonda kisichoonekana, zikashuka. Na sehemu kubwa ya aina mpya hazikuwa zile zilizomo katika vyakula. Wageni walipita, wenyeji wakaongezeka.

Mimi huu utafiti naupenda. Lakini msiuchukue mkaupachika kwenye ujumbe wa simu. Ni watu 36, wa California, wenye afya, na walikuwa wakila vyakula hivyo karibu sehemu sita kwa siku. Kijiko cha mtindi juu ya sima hakijafika huko.

Kuna jambo jingine linalowagusa wengi hapa, la dawa za antibiotiki. Mtoto anapewa antibiotiki ya kifua, siku ya tatu anaharisha. Mapitio makubwa ya tafiti za watoto, yaliyotolewa 2019, yaliona waliopewa bakteria wazuri pamoja na dawa walioharisha ni kama 8 katika 100, na wasiopewa kama 19. Hiyo ni faida, na wala siibezi. Lakini mwaka uliotangulia watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, walikuwa wamekuta kwamba watu wazima waliomeza vidonge vya bakteria baada ya kumaliza antibiotiki, wenyeji wao wa zamani walichelewa kurudi kuliko wale walioachwa bila kitu. Kwa hiyo yule binti wa kaunta asikuuzie kikopo kwa uhakika ambao maabara hawana. Nami nikiulizwa nitakachofanya nyumbani kwangu: nitampa mtoto yogati, kwa sababu ni chakula na mtoto anayehara anahitaji kula, nitampa maji ya chumvi-sukari ya pakiti, na dawa nitaimalizisha.

Tena hapa sikilizeni vizuri. Kuna antibiotiki zisizopatana na maziwa ya aina yoyote. Doksisiklini na siprofloksasini, ambazo najua mnazinunua bila hata karatasi ya daktari, kalsiamu ya maziwa huzishika tumboni na kuzizuia zisiingie mwilini. Ukimeza siprofloksasini kwa glasi ya mala ili "isikuchome", umejinyima dawa. Acha saa mbili zipite, au zaidi, na muulize mfamasia.

Na wale wenyeji wanakula nini? Hili watu huliacha kwa sababu halina kikopo cha kuuza. Mtindi hauna nyuzinyuzi hata chembe. Bakteria wa utumbo mpana wanaishi kwa yale ambayo sisi tumeshindwa kuyasaga: maganda ya mbaazi, kunde, mchicha, unga wa mahindi usiokobolewa, ndizi mbichi za kupika. Wakiyachachusha wanatoa asidi ndogo ndogo za mafuta, na mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Bibi zetu wa bara kidogo, kule Rabai na Kaloleni, wakiweka sima, mchicha na bakuli la maziwa lala mkekani, hawakuwa na habari ya butireti, ila sinia lile lina kila kitu. Nasi tumeitoa mboga, tumeikoboa sima ikawa nyeupe kama karatasi, kisha tunatafuta kidonge.

Nimesifu vya kutosha, nije kwenye hatari.

Uchachu wa maziwa huwazuia vijidudu vingi, lakini hauwaui wote, na hapa watu wanapotea. Maziwa mabichi yasiyochemshwa, yakiachwa yagande yenyewe, yanaweza kubaki na vijidudu vya bruselosi. Ugonjwa huo unaleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, uchovu usioeleweka. Mtu anatibiwa malaria, malaria haiishi, anatibiwa taifodi, haiishi, na miezi inakatika. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupitia njia hiyo hiyo. Nawapenda sana kina mama wanaouza susaa, yale maziwa ya ngamia yaliyochachuka, mepesi, yenye harufu ya moshi wa chombo kilichofukizwa. Hayagandi mabonge kama ya ng'ombe kwa sababu kaseini yake imejipanga vingine, si kwamba yametiwa maji, kwa hiyo msiwagombe bure. Lakini muulizeni muuzaji swali moja: yamechemshwa kabla ya kuchachushwa? Akisema "yakichemshwa yanapoteza dawa", nenda zako kwa salama.

Kuna anayedhani kuchemsha kunaua wale wazuri. Kunawaua, ndiyo. Ndiyo maana unachemsha kwanza, halafu unatia mbegu. Kiwandani wanapasha nyuzi 72 kwa sekunde 15, au 63 kwa nusu saa. Sisi hatuna kipimajoto, tunachemsha mpaka yapande, yatosha. Na mbegu isizeeke mikononi mwako. Ukiona mtindi unatoa mapovu, unavutika kama mlenda au una harufu ya chachu ya mkate, mwaga, anza na mbegu mpya. Jerikeni la plastiki lililokwaruzika ndani halisafishiki hata ukilisugua kwa mchanga na sabuni. Tumia chuma kisichoshika kutu, au kioo.

La sukari nitalipitia haraka kwa sababu mnalijua na hamtaki kulisikia. Yogati ya stroberi ya watoto, soma kibandiko. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, na ingekuwa bora ikishuka chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Kuna chupa zinazokula sehemu kubwa ya hizo kwa kipimo kimoja. Nunua isiyo na kitu, tia embe lako mwenyewe, maembe Mombasa hatuna shida nayo. Na pakiti ikiandikwa kwamba yogati imepashwa moto baada ya kugandishwa, jua bakteria wamekwisha kufa. Ni chakula bado, ila usilipie bei ya walio hai.

Sasa maswali. Naona mikono tayari.

*Mama mmoja: "Mwanangu, mimi nina vidonda vya tumbo, na maziwa lala yananituliza. Unaniambia niyaache?"*

La, mama, usiyaache kama yanakutuliza. Ila yanakutuliza, hayakuponyi. Vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu kama asprini na diklofenaki tunazomeza kama njugu. Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, ndio waliomgundua bakteria huyo. Marshall hakuaminiwa, mpaka mwaka 1984 akamnywa yeye mwenyewe, akaugua tumbo. Walipewa Nobel 2005. Kwa hiyo kipimo kipo, na tiba ipo, ni ya antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Maziwa yanapoza kwa muda, kisha yanaliamsha tumbo litoe asidi zaidi. Nenda ukapimwe, mama, hata wiki hii. Na ukiona choo cheusi kama lami, usingoje wiki.

*Dada mwenye mtoto mgongoni: "Huyu ana miezi minne. Naweza kumwonjesha?"*

Bado. Miezi sita ya kwanza ni ziwa peke yake. Na nikwambie kitu, maziwa yako wewe yana sukari maalumu ambazo mtoto hawezi kuzisaga kabisa. Zimewekwa kwa ajili ya bakteria wa utumbo wake, wale wa jamii ya bifidobakteria, wazile wakue. Hakuna kiwanda kilichokufikia. Akitimiza miezi sita, akianza uji na viazi vya kuponda, kijiko cha yogati isiyo na sukari si vibaya. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu mpaka afikishe mwaka.

*Mzee mmoja: "Ramadhani, ni bora futari au daku?"*

Mzee wangu, tumbo halina saa. Daku mimi naona kuna faida, mtindi na tende na kitu chenye nyuzinyuzi vinashibisha pole pole na havikupi kiu kama vya chumvi. Wakati wa futari watu wanaanza na viazi vya karai, bajia na sharubati, mtindi unakuta mahali pamejaa. Ukiwa na kiungulia, usinywe kisha ukalala papo hapo.

*Kijana wa dirishani: "Na ule mtindi wa kwenye biriani, bakteria wanabaki?"*

Hakuna anayebaki, mwanangu. Masala yakishachemka na kitunguu na nyama, wote wamekwenda. Uchachu wake umelainisha nyama, umeipa mchuzi uzito, kazi yake imekwisha. Ukiwataka hai, kata tango, tia kwenye yogati na chumvi kidogo, weka pembeni ya sinia. Lakini biriani hatukuipika kwa ajili ya utumbo mpana.